Kivuli kwa Kalamu na Wino



Mmetaka kujua jinsi kivuli kichorwavyo kwa kalamu. Wino ni mweusi tu, na weupe ni wa karatasi yenyewe. Basi kati ya giza na nuru mchoraji hana rangi, ana mistari. Akiitenga, jicho laona wepesi. Akiisonganisha, laona kiza. Akitaka kiza kizidi, huingoja ikauke, kisha huikata kwa mistari mingine. Wengine hutia nukta, kazi ya subira nyingi. Lakini yapasa mstari ufuate umbo. Chungu huchorwa kwa mistari iliyopinda kama tumbo lake. Ikinyoka, chungu huwa bapa kama ubao.

Nguvu hiyo yaweza kudanganya. Mwaka 1515 kifaru wa Bara Hindi alifikishwa Lisbon. Albrecht Dürer, fundi wa Nuremberg, hakumwona. Alipata habari zake tu, akamchora kwa kalamu na wino. Alivitia vivuli vizuri mno, hata ngozi ikawa kama deraya ya chuma, tena akamwongezea pembe ndogo mabegani. Mchoro ukachongwa katika ubao, ukapigwa chapa, na watu wa Ulaya wakauamini zaidi ya miaka 200.

Mwacheka. Mimi sicheki. Nilipata kumchorea Bwana Shamba jani la muhindi lenye ugonjwa, nikalipamba kwa vivuli hata madoa yenyewe yasionekane. Likarudishwa, nikaanza upya.