KUWAFUNDISHA WATOTO WASIOONA

Hotuba kwa wazazi, wajomba na walimu wa Nachingwea na Ruangwa



 

Neno nililokuja nalo ni hili. Katika nyumba zetu wamo watoto wasioona kabisa, na wamo waonao kidogo, ambao hawajapata kuukanyaga mlango wa shule. Serikali inapopanga elimu ya nchi nzima hupanga kwa hesabu, nayo hesabu yatoka vijijini. Mtoto asiyehesabiwa hapa kwetu, huko juu hayumo. Hana kitabu, hana mwalimu, wala hapana mtu aliyekusudia kumnyima.

Watu wa Nachingwea hawana haja ya kufundishwa na mgeni madhara ya mpango usiotanguliwa na vipimo. Babu zenu waliyaona matrekta ya karanga. Mpango ule ulianza mwaka 1947, Kongwa kwanza, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Ekari zikakadiriwa kwenye karatasi kabla udongo na mvua havijapimwa sawasawa. Na reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mambo yote yakavunjwa, na fedha iliyopotea ilizidi paundi milioni 30. Reli nayo iking'olewa baadaye, sisi tukabaki na jina la Stesheni. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu elimu ya wasioona yaweza kuharibika kwa njia iyo hiyo: majengo yakasimama, mashine zikanunuliwa, na watoto waliokusudiwa wakabaki uani wakipukuchua mahindi.

Elimu hii katika nchi yetu si jambo la jana. Katika miaka ya 1946 na 1947 alipita Afrika Mwingereza mmoja, John Wilson, aliyepofuka akiwa mtoto wa miaka 12 kwa ajali ya darasani. Alizunguka akiuliza habari za vipofu katika makoloni, na mwaka 1950 akawa mwanzilishi wa chama cha kuwasaidia, kile kiitwacho leo Sightsavers. Mwaka huo huo wa 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Baadaye zikaja Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto. Tena Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, ambako wasioona na waonao walikaa darasa moja. Waliotoka katika shule hizo wamekuwa walimu, wanasheria na viongozi. Basi swali la kama kipofu aweza kusoma lilikwisha kujibiwa zamani. Lililobaki ni namna ya kumfikia yule wa Nkowe au wa Marambo.

Sheria ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenziwe, na ada ya shule za serikali, za msingi na za sekondari, imeondolewa. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mtu.

Sasa niwaungamie walimu wenzangu jambo langu mwenyewe. Zamani, katika shule moja ambayo sitaitaja, nalikuwa na mtoto wa darasa la pili asiyenakili kitu ubaoni. Daftari lake lilikuwa na maneno ya jirani yake, makosa na yote. Nalimwita mvivu, nalimchapa, tena mara nyingi. Siku moja mvua ilitukimbiza, tukarundikana katika chumba kimoja, naye akaangukia kukaa chini kabisa ya ubao. Siku hiyo alinakili kila neno bila kosa. Nalisimama na chaki mkononi, nisijue la kusema. Mtoto yule hakuwa kipofu wala hakuwa mvivu. Alikuwa haoni mbali. Miaka miwili alikuwa amekaa nyuma kwa sababu ya urefu wake, na mimi ndimi niliyemweka huko.

Kwa hiyo nawasihi, tusiwatie watoto wote katika kapu moja. Wapo wasioona hata mwanga, nao ni wachache. Wapo wengi zaidi waonao kidogo, na miongoni mwao wapo ambao miwani peke yake yatosha. Upimaji wa kwanza hauhitaji mashine. Msimamishe mtoto nje mchana, umbali wa mita 3, yaani kama hatua nne za mtu mzima. Mzibe jicho moja, umwonyeshe vidole ahesabu. Kisha jicho la pili. Akishindwa kwa jicho lake lililo jema, Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa ni kipofu. Akiweza kwa mita 3 na kushindwa kwa mita 6, huyo aona kidogo. Kipimo hiki ni cha kumjua wa kumpeleka kwa mganga wa macho, wala si cha kumhukumu. Nimesikia walimu wakikitumia kama hukumu, nami sipendi.

Watoto wenye ualbino ndio walioumizwa zaidi na kapu hilo moja. Macho yao hutikisika na jua huwaumiza, lakini wengi wao husoma maandishi ya kawaida wakiyasogeza karibu, au maandishi makubwa. Hata hivyo, wakati wa mauaji maovu yaliyozidi tangu mwaka 2007, wengi walikusanywa kwenye mabweni kwa usalama wao, na wengine wakatiwa pamoja na wasioona, wakafundishwa kusoma kwa vidole ilhali macho yao yaliweza kazi ile. Mtoto wa namna hii ahitaji kofia pana, nguo ya mikono mirefu, miwani akipimwa, na kiti cha mbele penye kivuli. Hayo yote yapatikana Ruangwa bila kungoja mtu kutoka Dodoma, isipokuwa miwani.

Asiyeona kabisa husoma kwa nukta nundu. Maandishi haya aliyatunga Louis Braille wa Ufaransa, aliyepofuka utotoni kwa kujichoma jicho na chombo cha baba yake mshona matandiko ya farasi. Kila herufi hufanywa kwa nukta zisizozidi 6, safu mbili za tatu tatu, zikainuka juu ya karatasi nene, na kidole huzipapasa. Herufi a ni nukta moja tu. Mtoto mwenye akili ya kawaida huzijua herufi zote kwa muda usio mrefu. Kazi ngumu ni vitabu. Kitabu kimoja chembamba cha darasa kikichapwa kwa nukta nundu huwa vitabu kadhaa vinene, visivyofaa kukunjwa wala kulaliwa na mzigo, maana nukta zikilala kitabu kimekufa. Havichapwi kwa siku moja, wala havisafirishwi kama magazeti. Ndiyo maana jina la mtoto lapasa kufika mapema. Na mtihani wa taifa ni vivyo hivyo: Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huwaongezea muda watahiniwa hao, lakini kwa wale tu walioandikishwa hivyo tangu mwanzo. Mwalimu mkuu aliyesahau kuandika neno moja kwenye fomu amemnyima mtoto karatasi yake.

Wazazi huniuliza, je, tumpeleke bweni la mbali au asome hapa kijijini? Watu wenye elimu kubwa wabishana juu ya hili. Mimi nitasema nionavyo. Bweni lina walimu waliofundishwa kazi, lina mashine na vitabu. Lakini mtoto wa miaka 7 aliyeondolewa kwao Mnacho na kupelekwa mkoa mwingine, akirudi mara mbili kwa mwaka, huwa mgeni nyumbani. Shule ya kijijini ina ndugu zake na lugha yake, lakini mwalimu hajui nukta nundu. Njia ya katikati ni mwalimu wa mzunguko: mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye pikipiki, apitaye shule hii Jumatatu na ile Jumanne, akimfundisha mtoto kusoma, na kutembea kwa fimbo, tena akimfundisha mwalimu wa darasa. Kenya walianza mwaka 1984 vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu wilayani mwao kabla ya kuwapeleka popote, na jambo hilo naliona jema. Mimi ningependa asiyeona kabisa apate miaka ya kwanza mahali penye mafunzo kamili, ajue kusoma na kutembea, kisha arudi kusoma na wenziwe. Aonaye kidogo asiondoke kijijini hata siku moja. Tena hapa Nachingwea tunacho Chuo cha Ualimu. Kila mwalimu atokaye humo akijua kupima macho kwa vidole na kumkalisha mtoto mahali panapomfaa, tumekwisha kupiga hatua kubwa kwa gharama ndogo.

Juu ya kinga nitasema machache. Surua imepofusha watoto wengi katika nchi hii. Waganga waliochunguza vidonda vya macho vya watoto huko Mvumi, Dodoma, katika miaka ya 1980, waliikuta ndiyo sababu kubwa. Chanjo na matone ya vitamini A hayana malipo. Dawa za majani zitiwazo machoni zimewaharibu wengine; waliliona hilo pia. Na mtoto mwenye doa jeupe ndani ya mboni asingojewe akue, kwa kuwa mtoto wa jicho wa utotoni hupasuliwa, KCMC ya Moshi au CCBRT ya Dar es Salaam, na kila mwezi upitao hupunguza faida ya kumpasua.

Sasa naja kwa wajomba. Najua desturi ya Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde: baba aweza kukubali, na mjomba akakataa, na neno likaisha. Nimeambiwa mara nyingi, "Huyu tutamlisha wenyewe, shule itamsumbua." Maneno haya yatoka katika huruma, siwezi kuyadharau. Lakini nami nimeona mtoto asiyeona akitiwa jandoni pamoja na rika lake. Alikaa kumbini kama wenziwe, akafundishwa kwa maneno na nyimbo, akatoka mtu mzima. Hapana aliyesema mafunzo yatamsumbua. Ninyi wenyewe mlijua ya kuwa akili yake imo masikioni na mikononi. Niambieni basi, ni kitu gani kimpacho mtoto huyo haki ya jando kikamnyima haki ya darasa? Na msichana asiyeona, ambaye hufichwa zaidi kwa hofu ya njiani, hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kumpa mwenzi wa kwenda naye na kurudi naye, tena kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji.

Walimu wakuu wamekuja na madaftari yao. Kila mwenye mtoto, mpwa au mjukuu asiyeona vema, wa umri wowote, hata aliyepita miaka ya kuanza shule, aende ataje jina lake, kijiji, umri, na jinsi aonavyo. Asitozwe kitu. Mama aliyemleta mtoto wake asogee kwanza, tumpime hapa uwanjani kabla jua halijazama; mimi sitaondoka mpaka jina la mwisho limeandikwa.