Daktari wa Picha Aliyeanza Kutibu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Katibu ameniomba nisizungumze habari za ofisini. Nitamtii nusu. Kazi yangu serikalini ni mafaili ya wagonjwa wanaoombewa matibabu nje ya nchi. Humo nilikuwa nikikutana na maombi ya mtu kutibiwa mshipa wa damu kwa mrija, bila kupasuliwa. Nikaona si vema kupitisha karatasi za jambo nisilolielewa, nikatafuta vitabu.

Jina nililolikuta kwanza ni Charles Dotter, mkuu wa idara ya eksirei katika chuo cha udaktari cha Oregon, mjini Portland, Marekani. Zama zile daktari wa eksirei alikuwa mpiga picha wa hospitali. Alipitisha mrija mwembamba mshipani, akaingiza dawa inayoonekana katika picha, akaonyesha damu ilipokwama, kisha akampelekea daktari wa upasuaji. Basi.

Njia ya kuuingiza mrija huo aliibuni Msweden, Seldinger, 1953, na nyinyi wa fizikia mtaipenda. Sindano huchomwa kinenani, pale mapigo yanaposikika kwa kidole. Waya laini hupitishwa ndani ya sindano. Sindano huchomolewa, waya hubaki, na mrija huvishwa juu ya waya na kusukumwa uufuate. Kazi ikiisha, tundu hukandamizwa kwa mkono mpaka damu ikome.

Mwaka 1963 Dotter alikuwa akimpiga picha mgonjwa mmoja. Mrija ukapita, pasipo kukusudiwa, katika mshipa wa nyonga uliokuwa umeziba, ukauzibua. Mwingine angeliandika jambo hilo pembeni mwa fomu, akaenda zake kula. Yeye alijiuliza kwa nini lililotokea kwa bahati lisifanywe kwa makusudi.

Tarehe 16 Januari 1964, siku nne tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, alimtibu bibi mmoja wa miaka 82. Mshipa wa paja lake ulikuwa umebana, vidole vya mguu vimeanza kuoza. Alishauriwa akatwe mguu, akakataa katakata. Dotter akapenyeza waya kwenye mbano, kisha mrija mwembamba, kisha mnene zaidi juu yake. Baada ya dakika chache mguu ukapata joto. Kidonda kikapona, na bibi akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake yote miwili.

Msidhani alipigiwa makofi. Wapasuaji wengi wa kwao walimwona mwendawazimu. Wakambandika jina la Charlie Kichaa. Ipo fomu moja ya kuomba picha ambayo mpasuaji aliandika kwamba mshipa uonyeshwe, lakini asijaribu kuutengeneza. Mimi mtu wa mafaili nimeiwaza sana fomu hiyo. Mwandishi wake hakuwa mjinga. Mshipa ukipasuka, anayeitwa kushona ni yeye. Hata hivyo, naona katika ubishi ule wa kazi hii ni ya nani, mwenye mguu alisahaulika upesi.

Ulaya ndiko walikomsikiliza mapema zaidi. Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefanya kazi Zurich, alijitengenezea mirija yenye puto dogo jikoni kwake, na Septemba 1977 akapanua mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho. Wote wawili, yeye na Dotter, walifariki 1985.

Leo mirija ya namna hii huziba mshipa unaovuja, hunyima damu uvimbe wa kizazi mpaka usinyae, huzibua njia ya nyongo. Na hapa ndipo ninaporudi ofisini, Katibu anisamehe. Damu ikikatika ghafla mguuni, misuli huanza kufa katika muda wa saa sita hivi. Faili haliwezi kupita meza tatu kwa saa sita, sembuse kupanda ndege. Mgonjwa wa namna hiyo hana faida na saini yangu. Anahitaji mtu aliye karibu.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2018 madaktari, wauguzi na mafundi wa eksirei walipoanza kuja kwa zamu Muhimbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale, kuwafundisha wenzao wa hapa. Mwaka uliofuata chuo cha Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Vifaa bado ni ghali, na vingi hutoka nje. Lakini daktari aliyefundishwa hapa yupo hapa hata usiku.

Kidato cha Sita wameniuliza waya wenyewe ukoje. Dotter alitengeneza baadhi ya waya zake kwa nyuzi za gitaa. Nimemwachia mwalimu wa fizikia uzi mmoja wa gitaa, mpira mwembamba na bomba lenye kona mbili. Maabara itafunguliwa Jumatatu saa kumi jioni.