KAZI YA MPIMA MACHO, NA SISI WATU WA RELI

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Kamati ya tawi imetuomba tuzungumze juu ya kazi ya mpima macho: ni kazi gani, hufanywaje, na yatuhusu nini sisi tunaolisha watoto wetu kwa reli. Twaona jambo hili lafaa sana, maana wamo kati yetu wanaomwogopa mpima macho kuliko wanavyoiogopa treni yenyewe. Hofu hiyo tutaifikia, lakini kwanza na tumjue mtu mwenyewe.

Kuna watu watatu ambao wengi wetu huwachanganya. Wa kwanza ni daktari wa macho, ambaye amesomea udaktari kisha akasomea macho. Huyo ndiye apasuaye na kutoa mtoto wa jicho. Wa pili ni fundi wa miwani, akataye vioo na kuvitia katika fremu kwa kufuata karatasi aliyoandikiwa. Wa tatu ndiye mpima macho. Yeye hupima nguvu ya jicho, huandika miwani ifaayo, hutafuta dalili za ugonjwa, na akiziona humpeleka mtu kwa daktari. Twaweza kusema ni kama yule mwenzetu apitaye kukagua njia kwa miguu. Kujenga daraja si kazi yake, lakini yeye ndiye wa kwanza kuona ufa.

Ukiingia chumbani mwake, kwanza atakuuliza habari zako: wafanya kazi gani, una sukari au presha, nyumbani kwenu yuko aliyepofuka? Usimfiche neno. Kisha atakuonyesha ubao wa herufi, kubwa juu na ndogo chini. Ubao huo ulitungwa na daktari Snellen wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Wasimama mita 6 mbali nao. Ukiandikiwa 6/6, jicho lako laona mbali sawasawa. Ukiandikiwa 6/18, maana yake wahitaji kusogea mpaka mita 6 ili uone kitu ambacho mwenye jicho zima hukiona akiwa mita 18. Sisi twajua vema maana ya hesabu hiyo. Treni ya abiria ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi yaweza kwenda kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33 kwa kila sekunde moja. Dereva akichelewa kuiona ishara kwa sekunde tatu, amekwisha pita mita mia.

Baada ya ubao atamulika jicho kwa tochi yake maalum, atazame mwanga unavyorudi, na kubadili vioo kimoja kimoja huku akiuliza, "Hiki au hiki?" Usione haya kusema huoni tofauti, kwa maana huo si mtihani wa shule. Tena atapima presha iliyo ndani ya jicho, na kutazama nyuma ya jicho, mahali ambapo mishipa ya damu huonekana wazi bila kupasua mtu. Wengi wamejua kwamba wana sukari kwa sababu mpima macho aliona mishipa hiyo imeharibika. Pengine atatia dawa ya matone ili mboni ifunguke. Siku hiyo macho hayavumilii mwanga na hayaoni vizuri karibu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usipange kwenda kuendesha injini wala kupanga mabehewa.

Glakoma, ugonjwa ambao mara nyingi huja na presha hiyo ya jicho, ni mwizi wa usiku. Haiumi, haiwashi, nayo huanza kula pembeni mwa macho, hata mtu aona mbele vizuri asijue kwamba ubavuni amekuwa kipofu. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki chaweza kulindwa kwa dawa. Ugonjwa huu huwashika watu weusi zaidi kuliko wazungu. Basi fikirini mwenzetu asimamaye kati ya njia mbili, na behewa linakuja polepole kutoka ubavuni.

Sasa tuje kwenye rangi, jambo lililounganisha reli na upimaji wa macho tangu zamani. Mwezi wa Novemba 1875 treni mbili ziligongana huko Lagerlunda, Uswidi, na watu 9 wakafa. Profesa mmoja wa Uppsala, jina lake Holmgren, alishuku kwamba huenda aliyekuwa kazini hakutambua rangi ya taa. Wataalamu wa siku hizi wamelichunguza tena jambo hilo, na wako wasiokubali kwamba ajali ile ilitokana na rangi. Lakini Holmgren hakuishia kwenye kushuku. Mwaka 1876 aliwapima watu 266 wa reli, akakuta 13 hawatofautishi rangi sawasawa. Hakuwauliza majina ya rangi, kwa kuwa mtu asiyeona rangi hujifunza tangu utotoni kusema jani ni la kijani na damu ni nyekundu. Aliwapa kitita cha nyuzi za sufu, akamwambia kila mtu achague zinazofanana. Asiyeona rangi huweka kijani pamoja na kijivu au hudhurungi, naye aona amefanya vema. Baadaye, mwaka 1917, Dakta Ishihara wa Japani alitoa kitabu chake cha madoadoa chenye tarakimu ndani yake, nacho chatumika hata leo.

Mtu wa namna hiyo si mgonjwa wala si mjinga. Amezaliwa hivyo, na mara nyingi amerithi kwa mama yake, ingawa mama mwenyewe aona rangi zote. Hali hii huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, wala hakuna dawa ya kuiponya. Lililo haki ni kumpima kijana kabla hajafundishwa kazi ya taa na ishara, si kumtoa baada ya miaka kumi.

Na hapa ndipo penye hofu tuliyoitaja. Mfanyakazi aliyefika miaka arobaini huanza kusogeza gazeti mbali, mpaka mkono huwa mfupi. Hilo ni jambo la umri, nalo huja kwa kila mtu. Lakini badala ya kwenda kupimwa, yuko akaririye ubao wa herufi kwa kuambiwa na wenzake, yuko amwombaye kijana amsomee ratiba, na yuko anunuaye miwani barabarani na kuificha mfukoni msimamizi akipita. Twafanya hivyo kwa sababu twaona kupimwa ni mlango wa kufukuzwa. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mahali ambapo mtu akianguka mtihani wa macho huambiwa arudi nyumbani, kila mmoja atajificha, na siku ya ajali watakaozikwa ni wale ambao hawakujificha pamoja na abiria wasiojua lolote.

Tena miwani si hasara kwa mwajiri. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji 751 wenye miaka arobaini na zaidi walifanyiwa uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018. Nusu walipewa miwani ya kuonea karibu, nusu wakangoja mpaka uchunguzi uishe. Waliopewa waliongeza mavuno yao kuwapita wenzao kwa kiasi cha asilimia 21. Ikiwa kioo kidogo chaweza kufanya hayo kwa majani ya chai, chashindwaje kumsaidia fundi asomaye vipimo karakanani?

Kwa hiyo, ndugu, tawi lapendekeza mambo manne yapelekwe mezani pa majadiliano. Kwanza, upimaji wa macho ufanywe saa za kazi bila kukatwa mshahara. Pili, mtu akianguka apewe kwanza miwani na apimwe tena, na akitaka apimwe na mpima macho mwingine. Tatu, asiyeweza kuendelea na kazi ya ishara apewe kazi nyingine bila kushushwa mshahara. Nne, miwani inayohitajiwa kwa kazi ilipwe na mwajiri. Ama miwani ya kukinga macho kwa wenzetu wa kulehemu na wa jiwe la kusaga chuma, hiyo hatuiombi kama hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aitoe penye hatari kwa macho. Na ikitolewa tuivae, tusiitundike shingoni kama mkufu.

Mwisho, twasema na wazazi. Kazi hii ya kupima macho ni kazi ya heshima kwa watoto wetu, wavulana na wasichana. Yataka bidii katika hesabu na sayansi, hasa biolojia na fizikia, kwa maana mtoto atajifunza njia za mwanga na pia mwili wa binadamu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kule Kakamega, hufundisha digrii yake. Yataka pia subira, maana mtu hukaa chumba chenye giza kutwa akiuliza swali lile lile kwa mzee na kwa mtoto, na yataka uaminifu, asimwandikie miwani mtu asiyeihitaji kwa ajili ya kuuza fremu. Mwenye kupenda apate kazi hospitalini, dukani, au kwenda mashuleni, ambako mtoto hupigwa kwa uvivu kumbe haoni ubao.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja mmoja tutaendelea kukariri herufi. Tukisimama pamoja, twaweza kupimwa bila hofu na kurudi kazini. Wanaotaka mambo haya manne yapelekwe, wampe katibu majina yao kabla ya kutoka.