Mbwa Abaki Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani, Tarakea)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya safari yetu ya mlimani, ile tunayokusudia kuifanya kwa njia ya Rongai, kuanzia lango la Nalemuru hapo juu. Sikuitwa kwa kuwa mimi ni mpandaji hodari. Tumbo langu mnaliona. Nimeitwa kwa sababu ni daktari wa mifugo serikalini, na mwenzetu mmoja ameiandikia kamati akiuliza kama anaweza kuja na mbwa wake. Anasema mbwa huyo ni mpole, amezoea kutembea naye, na kwamba Ulaya watu huenda milimani na kwenye miamba pamoja na mbwa wao wala hakuna anayelalamika. Wajumbe wengine walicheka. Mimi sikucheka, na kabla sijaketi mtajua kwa nini.

Jibu la sheria ni fupi. Mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu wa chini nao ukatiwa ndani ya hifadhi. Mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia humo; atazuiwa langoni. Ningeweza kuishia hapo. Lakini sisi tulilala bweni, na tunajua kwamba sheria ambayo watu hawaelewi sababu yake huvunjwa taa zikizimwa. Basi tutazame sababu.

Kwanza mbwa mwenyewe. Kibo kina urefu wa mita 5,895. Mtu akipatwa na ugonjwa wa kimo husema kichwa kinaniuma, akateremshwa. Mbwa hasemi, atamfuata bwana wake mpaka aanguke. Na wale vijana wetu wanaotamani Mawenzi, wenye mita 5,149, wajue kwamba huko si kutembea. Ni miamba, tena miamba mibovu inayomwaga mawe. Hata kwenye miamba midogo ya kujifunzia, yule anayeshika kamba chini ameshika uhai wa mwenzake aliye juu. Hawezi kushika kamba kwa mkono mmoja na mbwa kwa mkono wa pili. Mbwa akibweka, sauti ya juu inayosema "kaza" haisikiki. Na jiwe likiporomoka, watu hujibanza ukutani. Mbwa aliyefungwa kwenye mti atakimbilia wapi?

Ni kweli kwamba kwingine mbwa na mlima ni marafiki. Katika Milima ya Alps, watawa wa Great St Bernard walifuga mbwa wakubwa kwa karne nyingi, na mbwa hao waliwaokoa wasafiri waliopotea katika theluji. Hapa kwetu Afrika Mashariki nako wako mbwa waliofunzwa kufuata nyayo za majangili. Hao nawaheshimu. Wana kazi, wana kiongozi, na wamechanjwa. Mimi nasema juu ya mbwa wa matembezi.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni wenyeji wa mlima. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza, Wilfred Thesiger, alipopanda Kibo aliwaona mbwa mwitu watano huko juu karibu na kilele. Mbwa mwitu leo ni miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka Afrika, na moja ya yale yaliyowapunguza ni magonjwa ya mbwa wetu wa nyumbani. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ugonjwa uleule unaoua mbwa wa vijijini, uliingia Serengeti ukaua simba wapatao 1,000, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa huko. Kule Ethiopia, katika milima ya Bale, yuko mnyama mwekundu wa jamii ya mbwa mwitu asiyepatikana nje ya nchi ile. Mwaka 2003 kichaa cha mbwa kilitoka kwa mbwa wa wachungaji kikawaua wengi. Wale mbwa wa wachungaji hawakuwa wabaya. Walifuata mabwana zao tu.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafikia lile lililonifanya nisicheke.

Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu. Mlinzi wetu alikuwa na mbwa aliyeitwa Jimi, na wengi hapa mnamkumbuka. Jumamosi moja tulitumwa watu wanne kutafuta kuni katika ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa tangu mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani. Mlinzi alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Tulimfungua Jimi bila ya ruhusa, tukapita naye vijijini, tukavuka ukanda, tukaingia katika msitu wenyewe. Huko Jimi akatoka mbio. Tulipomfikia alikuwa amemkamata mtoto wa minde.

Kwa wale msiomjua, minde ni paa mkubwa mweusimweusi, mwenye shungi la nywele nyekundu kichwani. Duniani kote haishi ila katika milima michache ya Tanzania, miongoni mwake Kilimanjaro, Udzungwa na baadhi ya milima ya Nyanda za Juu Kusini. Mbwa na mitego ni katika vitu vinavyommaliza. Sisi hatukujua hayo. Tulimchoma, tukamla, tukaifukia ngozi. Wakati wa kurudi, mbwa wa kijijini walimvamia Jimi, akatoka na jeraha puani. Tukamfunga mahali pake. Mlinzi alikuwa bado amelala.

Baada ya miezi kama miwili Jimi alibadilika. Aliacha kula, sauti ikakauka, akawa anatafuna mbao. Asubuhi moja alikata kamba, akamwuma mtoto wa miaka sita, mtoto wa yule mama aliyekuwa akituuzia ndizi kwenye uzio. Mama yule hakupoteza wakati. Aliliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, akauza mtamba wake, akampeleka mtoto Moshi kuchomwa sindano. Mtoto akapona. Jimi aliuawa.

Mlinzi aliulizwa kama mbwa wake aliwahi kutoka nje. Aliapa kwamba hakutoka. Wakamwona ni mwongo na mzembe, akafukuzwa kazi. Sisi wanne tulikuwa tumesimama pale pale, mistari ya mbele, mikono nyuma. Hakuna aliyefungua kinywa.

Baadaye nilikwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nikasoma udaktari wa mifugo. Siku tuliyofundishwa kichaa cha mbwa sikuandika chochote daftarini. Nilielezwa yale niliyoyaona kwa macho yangu: kwamba virusi huingia kwa mate ya mnyama anayeuma, hutambaa katika neva polepole kuelekea ubongoni, na huchukua wiki au miezi, kwamba dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona, na kwamba mbwa mmoja humpa mwenzake. Ndipo nikajua maana ya lile jeraha la puani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mama. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mtamba alikwenda zamani. Mtoto yupo, naye sasa ana watoto." Akanipa kiti. Nilimlipa thamani ya mtamba, akapokea kwa shida.

Kwa mlinzi nilichelewa. Amekwisha fariki. Basi naomba iandikwe katika gazeti letu, mahali ambapo watoto wake wanaweza kusoma, kwamba mzee yule alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Hakuwa mzembe. Wazembe tulikuwa sisi.

Ndugu zangu, sikusimulia haya ili mbwa achukiwe. Kosa halikuwa la Jimi. Mbwa akiingia msituni hufanya yale aliyoumbiwa kufanya. Mwenye akili ya kujua mpaka ni mtu. Na mpaka ule unalinda pande mbili: mbwa asipeleke maradhi na meno yake juu, wala asiteremke na balaa akatuletea nyumbani. Kwa hiyo namjibu mwenzetu kwa heshima: njoo, ila mbwa abaki nyumbani, apate maji, chakula na mtu wa kumtazama.

Nina ombi moja la kumalizia. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hakipati njia ya kuenea. Nchini kwetu inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao ni watoto. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Naomba chama chetu, kila mwaka siku hiyo, kilipie chanjo ya mbwa wa vijiji vinavyozunguka shule, hasa vile vinavyopakana na msitu. Kazi ya sindano nitaifanya mimi bila ya malipo, kwa likizo yangu. Mchango wa kwanza niliuweka mezani kwa Mhazini kabla ya chakula. Ni sawa na bei ya mtamba wa pili.

Wale wenzangu watatu, mmoja yumo ukumbini. Simtaji. Anajua mahali Mhazini alipoketi.