Mchezo wa Mambo Yaliyotupata
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Merigi)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya michezo ya kuigiza. Mtacheka, maana mimi ni mtu wa reli, mkono wangu umezoea nyundo. Lakini sisemi michezo ya kuchekesha watu siku ya sikukuu. Nasema ile ambayo maneno yake yametoka vinywani mwa waliopatwa na jambo lenyewe. Huko Ujerumani mwaka 1965 Peter Weiss aliutunga mmoja kwa ushahidi uliotolewa katika kesi ya Frankfurt, juu ya mauaji ya kambi ya Auschwitz.

Karibu zaidi ni Limuru, penye chai kama hapa. Kijiji cha Kamirithu kilianzishwa wakati wa Hali ya Hatari, watu walipoondolewa makwao kwa nguvu. Mwaka 1977 vibarua na wakulima wa pale walijenga jukwaa wenyewe, wakacheza Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Waandishi walikuwa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, lakini wanakijiji hawakukubali tu kila kilichoandikwa. Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, na watu wakasahihisha. Waliotengeneza bunduki msituni wakaeleza zilivyotengenezwa. Waliopitisha risasi kati ya maadui wakaeleza zilivyopita. Wa kiwandani wakaeleza kazi ya kiwandani. Hapo ndipo ninapopapenda: msomi alikaa akafundishwa na kibarua.

Ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba Serikali ikaukataza. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kama ulikuwa upuzi, mbona taabu yote hiyo?

Sasa kwetu. Mwaka 1934 sheria ilitungwa ya kuwahamisha Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu watu 700, kwenye mbung'o na malaria. Wakakaa miaka zaidi ya 20. Waliozaliwa huko sasa ni wazee kabisa, nasi twawazika. Watoto wetu walijua jina la Gwassi tu, basi. Nani amemwuliza nyanya yake walikula nini njiani?

Nataka tufanye mchezo wa habari hiyo. Tusianze kwa kuandika. Twende kwa wazee, kisha waje kutazama mazoezi, na wakisema haikuwa hivyo, tubadilishe. Asiyetaka kusema aachwe. Kuna mambo mtu hawezi kuyataja mbele ya wakwe zake.

Daftari ninalo hapa. Mwenye mzee wa Gwassi nyumbani aniambie kabla ya saa kumi, maana nikikosa gari nitachelewa zamu.