Habari, Uvumi na Ukweli: Maisha ya Singida na Mwankoko Mwishoni mwa Miaka ya 1940



Katika sherehe ya miaka 100 ni desturi kuhesabu majengo yaliyojengwa, watumishi waliohudumu na watu waliobatizwa. Hesabu hiyo ni njema, nayo ina kurasa zake katika kitabu hiki. Hotuba hii inahusu jambo lisilohesabika kwa urahisi, yaani jinsi watu wa Mwankoko na wa wilaya nzima ya Singida walivyoishi, walivyopata habari, na walivyoogopa, kati ya mwaka 1945 na mwaka 1950. Miaka hiyo imechaguliwa kwa sababu ndani yake swali la nani aaminiwe lilikuwa swali la kufa na kupona.

Maisha ya kila siku

Singida wakati huo ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kati, ambalo makao yake makuu yalikuwa Dodoma. Mkoa wa Singida haukuwapo; ulikuja kuundwa mwaka 1963. Mwankoko, ambayo leo ni kata ya Manispaa, ilikuwa nchi ya mashamba na malisho nje ya mji mdogo wenye boma la Serikali na maduka machache, kati ya majabali na maziwa ya maji ya chumvi.

Wanyaturu, ambao kwa lugha yao hujiita Arimi, waliishi kwa mtama, uwele na ng'ombe. Mambo hayo matatu yalishikana. Samadi ya ng'ombe ilirutubisha shamba, shamba lilitoa chakula, na chakula cha ziada kiliweza kugeuzwa kuwa mifugo. Asiye na ng'ombe alikuwa na shamba dhaifu, na tena alikuwa na shida ya mahari. Nyumba ilikuwa tembe, yenye dari ya udongo iliyo bapa, na ndani yake watu na mifugo michanga walijisitiri pamoja. Alfajiri ilisikika sauti ya jiwe la kusagia, kwa maana unga wa siku ulisagwa siku hiyohiyo na mikono ya akina mama. Watoto waliondoka na mifugo na kurudi jua likizama. Fedha ilitafutwa hasa kwa ajili ya kodi, nguo, jembe na chumvi. Nayo ilipatikana kwa kuuza ng'ombe mnadani, au kwa kijana kwenda mbali kufanya kibarua.

Maji yalikuwa kazi kubwa. Ziwa lilionekana kwa macho, lakini maji yake hayakufaa kunywewa. Akina mama walichimba mchangani katika vijito vilivyokauka, wakasubiri maji yachujike. Anayejua kwamba leo visima virefu vya Mwankoko hupeleka maji mjini Singida, na akumbuke foleni zile za vibuyu na mitungi.

Habari zilivyofika

Redio haikuwapo. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Jarida la Serikali, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitoka kila mwezi, na mahali lilipofika aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Habari nyingine zote zilisafiri kwa miguu na kwa malori, kupitia mnadani, bomani, dukani na kisimani.

Na habari zilikuwa nyingi. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945. Zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walikuwa wameandikishwa jeshini, na waliorudi walisimulia juu ya Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walikuwa wamewaona Wazungu wakishindwa na wakifa kama watu wengine, na masimulizi hayo hayakusahaulika. Mwezi Desemba 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1948 wajumbe wa Umoja huo walifika nchini kwa mara ya kwanza kutazama hali ya wananchi.

Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, katika Jimbo hilohilo la Kati. Waingereza walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu nchini. Matrekta yalivunjika katika vichaka na udongo mgumu, mvua zilikosekana, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kutumia zaidi ya pauni milioni 30. Mkulima wa uwele, aliyejua kwamba nchi kame haiamrishwi, angeweza kuwashauri kwa gharama ndogo kama angeulizwa. Singida nayo ilikuwa na huzuni yake: reli iliyojengwa katika miaka ya 1930 kutoka Manyoni, kupita Singida hadi Kinyangiri, iling'olewa katika miaka ya 1940. Watu walioahidiwa maendeleo waliona chuma kikibebwa na kwenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Habari kubwa zilifika zikiwa zimechelewa na zimepunguka. Uvumi ulifika siku ileile, tena ukiwa umenenepa.

Miaka ya simba-watu

Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jambo lililoifanya Singida itajwe hata nje ya Afrika. Tangu mwaka 1946 watu kadhaa wa wilaya hii walikutwa wamekufa, wakiwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Kwanza ilisemwa kwamba ni simba. Jambo hilo halikuwa la ajabu, kwa kuwa simba walikuwapo. Lakini vifo viliongezeka, na watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba simba hao walikuwa na miguu miwili.

Serikali ya kikoloni ilituma polisi na kufanya uchunguzi. Ilionekana kwamba wanadamu walikuwa wameua wanadamu na kuficha uovu wao nyuma ya jina la simba. Washitakiwa walipelekwa mahakamani, na baadhi yao walihukumiwa kifo na kunyongwa. Wataalamu waliendelea kulijadili jambo hilo kwa miaka mingi. Harold Schneider, mtaalamu wa mila aliyeishi na Wanyaturu, aliliandikia upya mwaka 1962, akionyesha kwamba maelezo ya kwanza hayakutosha.

Inafaa kulinganisha na Njombe. Huko, katika miaka hiyohiyo, simba wala watu walikuwa wameua watu wengi sana tangu miaka ya 1930. Wananchi wengi waliamini kwamba simba hao walitumwa na mchawi, kwa hiyo waliogopa hata kuwataja. Bwana nyama George Rushby na maskauti wake waliwasaka na kuwaua mmoja baada ya mwingine, na vifo vikakoma. Njombe ilisemwa kuwa ni uchawi, kumbe ni wanyama. Singida ilisemwa kuwa ni wanyama, kumbe walikuwamo wanadamu. Mahali pote pawili uvumi ulielekeza vidole kusikostahili, na mahali pote pawili ukweli ulipatikana kwa kuchunguza.

Madhara ya hofu hayakuishia kwa waliouawa. Mama aliyezoea kwenda kisimani peke yake alingoja wenzake. Mtoto wa kuchunga alirudishwa nyumbani mapema, na ng'ombe wakakosa malisho. Mlango ulifungwa kabla ya giza. Zaidi ya yote, mtu alianza kumtazama jirani kwa jicho jingine. Mwenye deni, mwenye ugomvi wa shamba, mjane asiye na mtetezi, kila mmoja aliweza kuulizwa moyoni: je, ni wewe? Mauaji yaliharibu miili. Shuku iliharibu ujirani, ambao ndio uliokuwa akiba ya watu wasio na benki wala bima.

Amri ya tano na amri ya nane

Injili ya Kilutheri ilikuwa imekwisha kufika katika nchi ya Iramba na Unyaturu. Wamisionari wa Leipzig walianza Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika miaka ya 1920 kazi hiyo ilishikwa na Misioni ya Augustana kutoka Marekani. Wakati wa Vita vya Pili, Wajerumani walipoondolewa, Augustana ilibeba pia mzigo wa misioni nyingine zilizoachwa yatima. Kwa hiyo wamisionari walikuwa wachache na kazi ilikuwa nyingi. Aliyekaa na watu kijijini usiku na mchana alikuwa mwalimu wa Kiafrika, ambaye mara nyingi alikuwa mwinjilisti pia. Mshahara wake ulikuwa mdogo. Alikuwa na ubao, kengele, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937 iliyotafsiriwa na Karl Roehl, na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther.

Yafaa kusema kweli kwamba Mkristo wa siku zile hakuwa nje ya hofu. Alikuwa mtu wa kijiji kama wengine, alilala katika tembe kama wao, na masikio yake yalisikia yaleyale. Ubatizo haukumfanya asiogope. Tofauti ilikuwa katika kile alichofundishwa kufanya anapoogopa.

Katika darasa la ubatizo na la kipaimara, wanafunzi walijifunza kwa moyo amri ya tano, inayokataza kuua. Hiyo ilieleweka upesi, hasa katika miaka ile. Lakini walijifunza pia amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na maelezo ya Luther yanayodai zaidi ya kunyamaza. Yanamtaka Mkristo amtetee jirani, amseme vema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Mtu na afikirie maana ya fundisho hilo likisomwa na vijana chini ya mti mwaka 1947, wakati majina ya watu yakinong'onwa kisimani. Halikuwa somo la kukariri tu. Lilikuwa kinga ya uhai wa mtu.

Amri hizo mbili hazitengani. Anayemsingizia jirani leo amekwisha kumtengenezea njia muuaji wa kesho. Na anayenyamaza akijua muuaji ni nani, naye ameivunja amri ya nane. Mahakama haikuweza kufanya kazi bila shahidi mwenye ujasiri wa kusema aliloliona, wala bila shahidi mwenye uadilifu wa kutosema asiloliona.

Fundisho kwa leo

Mwaka 1949 mvua zilikatika sehemu nyingi za Tanganyika, na njaa ikabisha hodi. Katika njaa, mtu hawezi kumkopesha uwele jirani anayemshuku kuwa simba. Kuaminiana si pambo la maisha ya Kikristo, ni chakula.

Kanisa lililotokana na kazi ile lilijiunga na makanisa mengine ya Kilutheri mwaka 1963, na KKKT ikazaliwa. Shule, hospitali na barabara zimeongezeka. Lakini simba-watu hawajatoweka duniani, wamebadili ngozi. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu. Tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya tamaa ya utajiri. Na uvumi, uliotembea kwa miguu mwaka 1947, sasa husafiri kwa simu na kufika kila nyumba kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo Usharika unaoingia katika karne yake ya pili umeachiwa urithi mzito kuliko majengo. Umeachiwa wajibu wa kuwa mahali ambapo jina la mtu liko salama. Mjane azeekaye ajue kwamba katika nyumba hii hakuna atakayelitupa jina lake kwa mbwa. Mtoto mwenye ualbino ajue kwamba benchi lake halitaachwa wazi. Na anayesikia neno baya juu ya jirani aulize kwanza maswali mawili ambayo wazee wangestahili kuulizwa nao: nani ameona, na nani yuko tayari kusimama aseme?

Mungu awabariki waliotangulia, waliofundisha kwa ubao na kengele gizani. Aubariki Usharika huu, Dayosisi na wageni wote.

Amina.