Dira na Panga
(Maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Chonyonyo)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lolote nililojifunza baada ya kutoka hapa. Nitasema juu ya dira, kwa sababu karibu initie kaburini, na kosa halikuwa la dira.

Sisi wa Chonyonyo ni watu wa vilima. Mtoto aliyetumwa mbali hapotei: hutazama kilima alichokizoea, akarudi nyumbani. Ziwani ni mambo mengine. Aliyeketi ndani ya mtumbwi, jicho lake liko kama mita moja tu juu ya maji, na upeo wake wa maji hauzidi kilomita 4. Ukija ukungu, hata huo haupo.

Siku moja nilikwenda kisiwa cha Musira, kilicho mbele ya mji wa Bukoba, pamoja na mvuvi mmoja mzee. Nilikuwa na dira mpya, nami nilijivuna nayo. Asubuhi ya kurudi tulielekeza mtumbwi magharibi, yaani nyuzi 270. Upepo wa kusini mashariki ulitusukuma kwa nyuma, upande wa kushoto. Mara mvua ikatufunika, tusione kitu. Nikaiweka dira juu ya ubao niliokalia ili mikono yangu ishike kafi, nikawa naichungulia na kumwongoza mzee.

Tulipiga makafi muda mrefu, nchi kavu isionekane. Mzee akasema, "Mwanangu, tulipoondoka mawimbi yalitupiga nyuma kushoto. Sasa yanatupiga nyuma kulia. Ama upepo umegeuka, ama tumegeuka sisi."

Nilimjibu kwa kiburi kwamba dira haidanganyi. Hakubishana. Aliuliza tu, "Na chini ya huo ubao kuna nini?"

Kulikuwa na panga lake. Nilipoinyanyua dira mbali na panga, sindano ilizunguka mbele ya macho yangu. Kumbe tulikuwa tukielekea kaskazini, sambamba na pwani, huku maji yakizidi kujaa mtumbwini na nguvu zikituishia. Wahunzi wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma miaka ipatayo 2,000 iliyopita, nami mjukuu wao nilisahau kwamba chuma huvuta sindano!

Tuligeuza mtumbwi. Mzee akaniambia nisilenge bandari yenyewe, bali kusini yake kabisa. Nilishangaa, lakini nilitii. Ukilenga mahali penyewe ukakosa, hujui upinde kulia au kushoto. Ukikusudia kukosea upande mmoja, ukifika pwani unajua pa kugeukia. Tulipogusa nchi tulipinda kulia, tukaifikia bandari tukiwa tumelowa chapachapa, lakini wazima.

Vijana, yaandikeni haya katika madaftari yenu. Kwanza, soma dira kabla hujaondoka, wakati unapoona uendako. Kurudi ongeza nyuzi 180, au toa 180 kama umezidi hapo. Pili, iweke mbali na panga, ndoana, redio na injini. Tatu, usidharau kosa dogo: ukikosea nyuzi 10 katika mwendo wa kilomita 6, utakosa kituo kwa kilomita 1 hivi. Nne, dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya huweza kukwama huku kwetu, kwa kuwa ncha yake ya kusini huinama; ishike sawasawa, uone kama sindano inazunguka bila kugusa. Tano, iulize dira, kisha uulize upepo, mawimbi na jua. Vikipingana, simama utafute sababu.

Siku hizi simu ya mkononi humwonyesha mtu mahali alipo. Ni jambo jema, lakini simu hulowa, na betri huisha ziwani kama inavyoisha nyumbani.

Mzee yule hakuwahi kukaa darasani. Mimi nilikuwa na cheti na dira, yeye alikuwa na mgongo uliojua wimbi linapiga wapi. Kama angeninyamazia kwa kuheshimu cheti changu, leo nisingesimama hapa. Na kama mimi ningekataa kuinua ubao, yeye pia asingerudi kwa watoto wake. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo kuliko woga wangu mwenyewe.